Barua kwa Mwanaidi: Kesi ya Lyons

Columbus, Ohio

Dada Mwanaidi,

Salamu nyingi, na za mama uzifikishe. Uliniuliza inakuwaje mahakama za shirikisho huku Marekani zikubali kumsikiliza aliyeumizwa na polisi, kisha zikatae kuwazuia wasirudie. Nitakujibu kwa kesi ambayo imenichoma kuliko zote nilizosoma.

Oktoba 1976, saa nane za usiku, polisi wa Los Angeles walimsimamisha Adolph Lyons, kijana mweusi wa miaka 24, kwa taa ya nyuma iliyoungua. Kwa maelezo yake, hakuwachokoza. Wakamkaba koo mpaka akazimia. Alizinduka yuko kifudifudi, anatema damu na udongo, koromeo limeumia. Wakamwandikia kosa la barabarani, wakamwachia.

Njia ya kudai fidia ilibaki wazi. Lakini Lyons aliomba pia amri ya kukataza kabali ile isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema hilo haliwezi kusikilizwa: Ibara ya Tatu ya Katiba yao inawapa majaji mamlaka juu ya migogoro halisi tu, naye hajaonyesha kwamba atakabwa tena yeye mwenyewe. Sasa nani duniani awezaye kuthibitisha hilo? Wanaoitetea hukumu husema jaji asigeuke mkuu wa polisi, na hofu hiyo naielewa. Ila matokeo yake ni kwamba jiji linaweza kulipia koo moja baada ya jingine na kuendelea kukaba.

Jaji Thurgood Marshall, mmoja wa wale wanne, alipinga vikali. Aliandika kwamba tangu 1975 watu 16 walikuwa wamekufa baada ya kukabwa na polisi wa jiji lile, 12 kati yao wanaume weusi. Ndiye Marshall yule aliyekwenda London mwaka 1960, kwenye mkutano wa Lancaster House, akaandika rasimu ya sura ya haki kwa ajili ya katiba ya Kenya.

Ndiyo maana naipenda mno Ibara ya 22 ya Katiba yetu ya Kenya ya 2010. Haki ikitishiwa tu, kabla haijavunjwa, unaingia mahakamani. Tena kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe au kwa maslahi ya umma, bila ada ya kufungua kesi.

Ombi la wale vijana unaowatetea mahakamani litasikilizwa lini? Wakili wa serikali akidai hawajaguswa bado, msomee ibara hiyo yote, polepole. Uamuzi ukitoka nitumie nakala, hata mkishindwa.

Nduguyo,
Saumu