Barua ya wazi: Kama kasha lilikuwa tupu, kidonge kiko wapi?

Kwa Mheshimiwa unayesimamia usalama wa mionzi katika kanda yetu,

Salaam, Mheshimiwa. Naamini u mzima, na kiyoyozi cha ofisini nacho ni kizima, maana joto la Mwanza siku hizi si la mchezo. Nilikuandikia kwa njia ya kawaida, barua zikagongwa muhuri wa kupokelewa, zikalala. Simu yako hupokelewa na kijana mwenye adabu sana, naye hunijibu kuwa uko kikaoni. Basi leo naandika hadharani.

Mimi ni mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Nyakato. Wiki iliyopita afisa wako alikuja kukata utepe mliouzungusha kwenye uwanja wangu kwa ajili ya kasha la mionzi lililoletwa humo, akasema, "Mzee, endelea na biashara, lilikuwa tupu." Hakuniachia hata karatasi ya kufungia maandazi.

Kwa wasiojua kisa: Fuso lililetwa na vipande vya mabomba, dereva akasema ni mabaki ya kazi ya matangi ya mafuta. Chini ya mabomba kulikuwa na kasha la njano lenye mpini, dogo, ila zito ajabu. Kwenye mizani lilipita kilo ishirini, na kwa mtu wa kazi yangu uzito ni pesa. Ubavuni lilikuwa na alama ambayo vijana waliiita panga boi. Mimi niliwahi kuiona mlangoni mwa chumba cha eksirei, nikawaambia waache. Kijana wangu wa mizani alikuwa ameshalipakata kutoka kwenye gari hadi uani.

Nilipiga simu kwenu siku hiyohiyo. Mlifika mlipofika.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi kasha lile ni la nini, lakini ngoja niwaeleze majirani zangu, maana nyinyi hamkuwaeleza. Bomba la mafuta au gesi likishachomelewa, maungio hayaaminiwi kwa macho tu. Wakaguzi huyapiga picha kwa mionzi, filamu upande huu, chanzo cha mionzi upande ule. Chanzo mara nyingi ni iridiamu-192, kidonge kidogo kwenye ncha ya waya mfupi. Husukumwa nje ya kasha kwa kebo, na picha ikishapigwa huvutwa kirudi ndani. Uzito wa kasha ni kinga iliyomo ndani, madini ya risasi au urani hafifu, kwa hiyo hata likiwa tupu si kitu cha kumpa fundi ayeyushe. Waya ukichomoka, kidonge hubaki nje, na mkaguzi mvivu asiyepima kwa kifaa chake hufunga kasha, huyo anaenda zake.

Sibuni. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota kidonge cha namna hiyo akakitia mfukoni. Alipoteza mguu. Mwaka 2000 katika kijiji cha Meet Halfa, Misri, mkulima alikiokota kilichoachwa na wakaguzi wa mabomba, akakipeleka nyumbani. Yeye na mwanawe mdogo walikufa. Na vyuma chakavu husafiri: Desemba 2002 vyanzo vya kupimia visima vya mafuta viliibwa Nigeria, mwaka uliofuata vikaonekana Ujerumani, kwenye vyuma chakavu kama vyangu.

Sasa unaponiambia "lilikuwa tupu", unataka nifurahi? Kasha likiwa na kidonge chake ndani, angalau tunajua kilipo. Likiwa tupu, kidonge kiko mahali. Labda kilirudishwa kiwandani kwa utaratibu, na kama ni hivyo karatasi ipo, nionyeshe. Labda kiko chini ya rundo langu la mabomba. Labda kiko kwenye Fuso lile, ambalo sijui lilipitia viwanja vingapi kabla ya changu. Nguvu ya iridiamu hupungua kwa nusu tu kila siku 74, hivyo kusubiri isahaulike siyo dawa.

Kijana wangu ana wekundu na malengelenge kiganjani na ubavuni. Zahanati walimwandikia kuungua, wakampa mafuta ya kupaka. Huenda kweli ni chuma cha jua. Lakini nimeambiwa majeraha ya mionzi hayatokei papo hapo, hungoja siku, hata wiki, na mama yake ananiuliza mimi, hakuulizi wewe. Wateja wamehamia kwingine, mwenye kiwanja anataka kodi yake, watoto wa mtaa wananiita Babu Nyuklia. Mke wangu amekataa nisiingie ndani na viatu vya kazini. Simlaumu.

Nadhani kuna kampuni ndogo ya ukaguzi iliyomaliza mkataba ikaacha vitu stoo, au mlinzi aliyeuza asichokijua. Nabahatisha, ndiyo. Wewe huhitaji kubahatisha: Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003 inataka leseni kwa vyanzo hivi, na kasha lina namba yake. Soma namba, fungua daftari.

Na tukiwa hapo, lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limekatiza Kagera na Geita. Silihusishi na kasha hili. Nasema tu kwamba kazi za maungio na picha zake zimeshakuwa za kanda hii, na mabaki yake yatatafuta mizani. Ulipokutana nasi wafanyabiashara wa vyuma ulituahidi vifaa vya kupimia. Soda tulikunywa, asante. Vifaa bado tunavingoja.

Nilitaka kudai mengi, fidia, semina, vifaa. Yaache. Nipe karatasi moja yenye sahihi yako: mlipima nini uwanjani kwangu, kifaa kilisoma ngapi, kidonge cha kasha lile kiko wapi. Na daktari anayejua mionzi amwone yule kijana wiki hii, sio baada ya kikao.

Namba yangu ya simu mnayo. Mliiandika siku mliponifungia.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa vyuma chakavu, Nyakato, Mwanza