Puli ndogo ije mwisho: kutunza na kuongeza nguvu ya sedani yenye supachaja ukiwa nyumbani

Wateja wetu wenye sedani za supachaja hutuuliza swali moja kuliko mengine yote: je, tunaweza kuwauzia puli ndogo, yaani gurudumu dogo la mkanda unaoizungusha supachaja, ili waifunge wenyewe nyumbani? Jibu letu huwa ni ndiyo, ila si leo. Kwa kuwa jibu hilo huwaudhi baadhi yao, tumeona ni vyema tueleze sababu zake kwa urefu, pamoja na kazi ambazo mwenye gari mwangalifu anaweza kuzifanya mwenyewe bila kufika kwenye karakana yetu.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kupitia mkanda, tofauti na tabo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Ndiyo maana gari lake huitika papo hapo mguu unapokanyaga mafuta. Sedani kama Cadillac CTS-V ya mwaka 2009, Audi S4 ya mwaka 2010 yenye injini ya lita 3.0 na Jaguar XFR zina supachaja ya rota mbili zinazozunguka karibu karibu bila kugusana, umbo ambalo chimbuko lake ni kipuliza hewa ambacho ndugu wawili wa ukoo wa Roots walikipatia hataza nchini Marekani mwaka 1860, wakati ambapo hapakuwa na gari la petroli la kukifunga. Mercedes-Benz E55 AMG ya mwaka 2003 hutumia rota za mfano wa skrubu, na puli yake ina klachi ya umeme inayoiachia supachaja ipumzike gari linapokwenda taratibu. Tunayoyaeleza hapa yanazihusu zote, ingawa kila moja ina vijambo vyake.

Hesabu ya puli ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza watu. Chukua mfano wa puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, yenye kipenyo cha milimita 190 na puli ya supachaja yenye milimita 80. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supachaja huzunguka mara 14,250. Badilisha puli ya supachaja uweke ya milimita 74, na mzunguko huo hupanda hadi 15,405, yaani zaidi kidogo ya asilimia 8, kwa kazi ya saa chache ukiwa na kivuta puli kinachofaa. Hakuna marekebisho mengine ya injini yanayotoa kiasi hicho cha hewa kwa jasho dogo namna hiyo.

Hewa hiyo, hata hivyo, haiji peke yake. Kila aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi ncha ya pampu inavyochoma, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Supachaja inayoongeza shinikizo la bar 0.6 kwa ufanisi wa asilimia 60, ikivuta hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, huitoa ikiwa na karibu nyuzi 99. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya faida imeshapotea hapo hapo. Na baya zaidi ni kwamba ndani ya silinda mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kulipuka wenyewe kabla ya mwali wa plagi kuufikia. Sensa husikia mlipuko huo, na kompyuta ya injini huchelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Dereva huona jambo moja tu, kwamba gari limekuwa zito.

Mteja mmoja alituletea sedani aliyoifunga puli kwa mikono yake, na kazi yenyewe ilikuwa safi kuliko nyingi tunazoziona. Lalamiko lake lilikuwa kwamba asubuhi gari linaruka, lakini baada ya dakika ishirini linazidiwa hata na lilivyokuwa kabla ya puli. Tulichomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, tukatoka nalo. Mkanyago wa kwanza, hewa iliyotoka kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa ya supachaja kinachotumia maji, ilikuwa na nyuzi 48. Mkanyago wa tatu ilifika 83, na kompyuta ilikuwa imerudisha cheche nyuma kwa digrii saba. Injini ilipopoa tulifungua kifuniko cha tangi dogo la maji ya intakula tukawasha swichi. Maji yalitulia tuli kama ya mtungini. Soketi ya umeme ya pampu ilikuwa na kutu ya kijani kwenye pini moja, na pampu yenyewe tulipoipa umeme moja kwa moja ilinguruma kidogo ikanyamaza. Inawezekana ilikufa miezi mingi kabla, ila kwa puli ya kiwandani gari lilivumilia. Puli mpya haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mwenye sedani ya aina hii anayetaka kuanza kazi nyumbani tunamshauri aanze na mzunguko wa maji ya intakula. Katika magari mengi ya supachaja huu ni mzunguko wa pekee, wenye pampu yake ya umeme, rejeta yake ndogo mbele ya rejeta kubwa, na mara nyingi tangi lake. Kwa kuwa pampu haina mlio mkubwa na taa ya dashibodi haiwaki kila inapofeli, mtu anaweza kuendesha mwaka mzima bila kujua. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko na utazame kama maji yanasogea. Kwenye baadhi ya magari pampu huanza swichi inapowashwa, na kwenye mengine huisubiri kompyuta iamue, hivyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kuihukumu. Rejeta hiyo ndogo nayo hupokea vumbi, wadudu na majani kabla ya nyingine zote, na tumeshaona nyuzi zikishuka kwa kuiosha tu, kwa maji ya mkondo mdogo yasiyopinda mapezi yake.

Ukibadilisha pampu au maji, hewa itabaki ndani ya mabomba. Inua pua ya gari juu ya stendi za chuma, kamwe usitegemee jeki peke yake, jaza polepole, washa pampu, kanda mabomba ya mpira kwa mkono, kisha ongeza tena. Na uwe tayari kurudia zoezi hilo siku inayofuata, maana povu la hewa hupenda kujificha sehemu ya juu kabisa, ambayo ndiyo intakula yenyewe. Tumia mchanganyiko wa kulanti (dawa ya maji ya kupozea) uliotajwa na mtengenezaji, si maji matupu.

Hapa pana jambo moja ambalo hatulichukulii kwa wepesi. Maji ya tangi hilo yakipungua na huoni tone chini ya gari, usiwashe injini. Intakula nyingi zimefungwa chini ya supachaja au ndani ya njia ya hewa, na ikipasuka, maji huingia moja kwa moja kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo ikiwa inapanda, konrodi, mkono unaoishika pistoni, hupinda. Gari la namna hiyo lipakiwe kwenye lori la kuvutia magari, lisiletwe likiendeshwa.

Baada ya maji unafuata mkanda. Mkanda wa supachaja hubeba makumi ya nguvu za farasi, na puli ikiwa ndogo, sehemu ya mkanda inayoikumbatia nayo hupungua, hivyo kuteleza huwa rahisi zaidi. Dalili zake ni meno ya mkanda yanayong'aa, unga mweusi kwenye mfuniko wa karibu, na shinikizo linalopanda vizuri kisha kuporomoka mizunguko inapokaribia mwisho. Ondoa mkanda, kisha zungusha kwa kidole kila puli ya kati. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyochoka hutoa sauti ya mchanga, au huyumba ukiitikisa. Dawa za kunyunyizia mkanda ili usilie hatuziuzi, kwani huficha ugonjwa kwa wiki mbili na kuacha utando kwenye mifereji ya puli.

Ndani ya pua ya supachaja mna gia na mna oili yake, ambayo haina uhusiano wowote na oili ya injini. Ni kiasi kidogo, mtu hunyonya kwa bomba la sindano, na baadhi ya watengenezaji hawakuweka ratiba ya kuibadilisha. Sisi huibadilisha, hasa gari likishakuwa na umri au likiongezewa mzunguko, kwa sababu tumeitoa ikiwa nyeusi na yenye harufu kali mara nyingi mno kuamini kwamba inadumu maisha yote ya gari. Tumia oili maalumu ya supachaja na kiasi kilichoandikwa kwa modeli yako, kwa maana ikizidi huchemka na kusukuma sili nje. Katika pua hiyo hiyo, kati ya shafti ya puli na gia, kuna kiungo cha plastiki au cha springi. Kikichakaa, gari linapounguruma likiwa limesimama husikika mlio kama kokoto ndani ya kopo, nao hutoweka ukikanyaga mafuta kidogo. Wengi hudhani injini imekufa, kumbe ni kipande kinachoshikika kwa vidole viwili.

Plagi ni kazi ya nyumbani pia, ingawa uvumilivu unahitajika. Injini ya E55 AMG ina plagi mbili kwa kila silinda, jumla 16, na zile za nyuma hazifikiki bila kulaani. Zitoe injini ikiwa baridi. Ikiwa shinikizo litaongezwa, kwa kawaida huchaguliwa plagi yenye ubaridi zaidi kwa hatua moja (inayopoteza joto la ncha yake haraka zaidi), na mwanya wake hupunguzwa, kwa mfano kutoka milimita 1.0 hadi 0.7 au 0.8, kwa kuwa cheche hupata taabu kuruka katikati ya hewa iliyobanwa sana. Zilizotoka usizitupe kabla ya kuzitazama chini ya taa kali. Ukiona kwenye kauri nyeupe vitone vidogo vinavyometa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na mpango wa puli uishie hapo mpaka injini ipimwe.

Yakishakamilika hayo, na petroli ya okteni iliyotajwa kwenye kifuniko cha tangi ikitumika kila mara, puli inaweza kuzungumzwa. Hata hapo tunaomba kazi ya programu ya kompyuta na mafuta ifanyike kwetu au kwa mtu mwingine mwenye vifaa vya kupimia, si kwa faili iliyoandikwa kwa gari la mtu mwingine. Injekta, yaani vinyunyizio vya petroli, zinazofunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda wake hazina akiba, na pampu ya petroli iliyochoka huonyesha sura nzuri gari likiwa limesimama, kisha huishiwa shinikizo pale pale injini inapoihitaji zaidi. Chini ya mzigo kamili injini nyingi za aina hii huhitaji mchanganyiko mnono, yaani wenye petroli nyingi, lamda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli) kati ya 0.80 na 0.85 hivi. Mchanganyiko ukiwa mkavu, yaani wenye petroli kidogo, katika hali hiyo kwa sekunde chache tu, taji la pistoni linaweza kutoboka, na hakuna sikio la fundi linaloweza kulitambua hilo mapema kuliko sensa.

Kuivua supachaja yote ni kazi ambayo baadhi ya wateja wetu wameifanya nyumbani vizuri. Tunalosisitiza ni kwamba matundu ya hewa yazibwe kwa vitambaa safi mara tu inapoinuliwa, na vitambaa vihesabiwe vinapoingia na vinapotoka, kama vile boliti zinavyohesabiwa. Nati moja ya milimita 6 ikitumbukia kwenye njia ya vali, itapatikana kwa gharama ya kufungua silinda hedi. Boliti zirudi kwa spana ya kupimia mkazo na kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje.

Breki husahauliwa na karibu kila mtu anayetafuta nguvu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, kiwango chake cha chini yakishalowa ni nyuzi 155, na sedani nzito inayoshuka kutoka mwendo mkubwa mara kadhaa mfululizo hufika huko bila taabu. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa gari ambalo mafuta yake ya breki yamekuwa kama chai ya rangi, hatufungi puli.

Mwenye nia ya kutuletea gari kwa ajili ya puli, tunaomba aje na rekodi ya skana ya mikanyago mitatu mfululizo kwa gia ya tatu, iliyofanyiwa mahali palipofungwa pasipo na magari mengine, injini ikiwa imeshapata joto lake la kawaida. Rekodi iwe na joto la hewa baada ya intakula, shinikizo, kuchelewa kwa cheche, lamda na shinikizo la petroli. Joto la mkanyago wa tatu likikaribiana na la kwanza, tutapanga siku ya kazi. Likiwa limeachana sana, tutaanza na pampu.