Mkojo Uje Kabla ya Vidonge

Wiki hii sisi wa maabara hapa Kisumu tumeitwa wezi tena. Mama mjamzito wa Manyatta alilipa shilingi 1,500 za kuotesha mkojo, yaani kukuza vijidudu vyake kwenye sahani ya maabara ili tuvitambue, akangoja siku mbili, akapewa karatasi inayosema hakuna kilichoota. Na bado anaungua akikojoa. Shemeji yake akapiga simu: mbona mnakula pesa za watu?

Tulipomuuliza mama mwenyewe polepole, alisema usiku wa kuamkia kipimo alimeza vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani, "nipate usingizi tu." Pesa yake ilipotelea hapo. Dawa ikishaingia kwenye mkojo, vijidudu hudhoofika visiote kwenye sahani yetu, ilhali kwenye kibofu bado vipo. Na vile vilivyonusurika ndivyo vigumu kuua.

Swali linalofuata huwa: kwa nini tusipime kwa kijiti cha shilingi 200 kinachochovywa kwenye mkojo, majibu yatoke mtu akiwa bado kwenye benchi? Kijiti tunacho, na si kibaya. Lakini hakisemi ni kijidudu gani wala dawa ipi itakiua. Tena nitraiti, kemikali ambayo vijidudu hutengeneza na inayogeuza rangi ya kijiti, huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne. Mama mwenye mimba kubwa atazipata wapi saa nne bila kwenda choo? Ndiyo maana tunasisitiza mkojo wa kwanza wa asubuhi. Na kuna vijidudu visivyotengeneza nitraiti kabisa.

Kuotesha ni kazi ya kungoja. Mkojo unapakwa kwenye sahani, sahani inalala kwenye inkubeta yenye joto kama la mwili. Asubuhi tunahesabu kilichoota. Kama kipo cha maana tunakipaka kwenye sahani ya pili, tunapanga juu yake vikaratasi vya duara vyenye dawa mbalimbali, kinalala tena. Kesho yake tunapima kwa milimita eneo ambalo kila dawa imezuia vijidudu. Vikaratasi hivyo huagizwa, hukaa kwenye friji, na kila furushi jipya tunalijaribu kwanza kwa E. coli, aina ya kijidudu, tunayoijua tabia zake. Stima ya Kisumu nayo mnaijua inavyopotea. Inverta haikuja bure. Anayesema 1,500 ni nyingi aje aone.

Wajawazito tunawasumbua zaidi, na tuna sababu. Homoni za mimba hulegeza mirija ya mkojo, mji wa mimba nao huibana, mkojo unakawia njiani na vijidudu hupanda hadi kwenye figo. Hapo uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Wengine hawasikii maumivu yoyote, na ndio maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuotesha mkojo uwe njia ya kuwagundua hao, na wakigunduliwa wapewe dawa kwa siku saba. Saba, jamani. Si mbili, halafu zilizobaki apewe dada.

Kinachotuuma ni wanaozunguka maduka ya dawa kwanza. Kulikuwa na mama wa Nyamasaria, mimba ya karibu miezi tisa, aliyekuwa ameshanunua dawa tatu tofauti kwa ushauri wa dirishani. Jumla yake ilikuwa imepita bei yetu. Ilikuwa E. coli, kama kawaida, na karatasi ilijaa R: amoksilini R, Septrin R, zikifuatana. Mumewe alidhani R ni maksi za kufeli kwetu. R maana yake kijidudu kimeizoea dawa hiyo. Ya kumeza iliyobaki ni nitrofurantoini, ambayo madaktari huikwepa mimba ikikaribia kujifungua. Siprofloksasini na doksisiklini nazo si za kumpa mjamzito hivi hivi. Akalazwa, akachomwa sindano. Bili ya wodi siitaji hapa.

Mwingine alituletea mkojo kutoka Ahero ndani ya chupa ya soda, kwenye matatu, jua la mchana. Ukaota mchanganyiko wa kila kitu, tukamwambia arudie, akanuna. Kikopo safi tunatoa bure, chukua siku moja kabla. Jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uache umwagike, kinga wa katikati, utufikie ndani ya saa mbili.

Ukiwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo upande wa figo, usije kwetu kwanza wala usingoje majibu. Nenda hospitali. Wao watachukua mkojo na kukuanzishia dawa papo hapo. Majibu yatawakuta wakiendelea.

Na kama umeshameza chochote, hata kidonge kimoja, sema kaunta kabla hujalipa. Kuna siku tutakataa pesa yako na kukurudisha kwa daktari. Paketi ya dawa ije nayo, hata ikiwa tupu.