Kikao cha tarehe 17 Oktoba

Assalaam aleikum, hamjambo ndugu zangu. Siku ya kutokomeza umaskini, iliyoanzia Paris mwaka 1987, tutakaa Mikindani, Mombasa, baada ya alasiri, tuzungumzie fujo zinazowapata maskini.

Tukitaja fujo, watu hufikiria mapanga tu. Kuvunjiwa nyumba watoto wamelala, au mama kunyang'anywa beseni lake la viazi karai, hiyo pia ni fujo, tena ya kila siku. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, wanayajua haya: sumu ya madini ya risasi iliingia damuni mwa watoto wao, wakaenda mahakamani wenyewe, na 2020 wakashinda. Naomba waseme wao kwanza, sisi tusikilize. Vijana walioacha magenge waje pia, tafadhali msiwakwepe. Picha hapana. Mwenye nauli ya ziada amchukue jirani.