Barua ya wazi kwa Mjomba: njuga ikinyamaza mlimani

Shikamoo, Mjomba.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama huku Marekani nyama imekwisha madukani, hata mtu mzima mwenye mke na watoto aamke saa tisa usiku, apande mlima nyuma ya mbwa, arudi jioni na ndege mmoja asiyejaza sufuria. Uliuliza kwa upole, ila nyuma yako nilisikia watu wakicheka, hasa uliposema eti tunamwona ndege amekaa tawini nasi tunamwacha. Swali lako ni la haki. Nimeamua kulijibu kwa barua ya wazi kwa sababu vijana wetu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, walio hapa Missoula, Montana, na wale wa Boise, Idaho, wananiuliza lile lile. Mjukuu wako akusomee polepole.

Nianze na njuga.

Mwaka 2017, tukiwa na miezi michache tu Montana, nilikuwa natoa taka nyuma ya nyumba alfajiri nikasikia njuga upande wa pili wa uzio. Njuga ya mbwa, Mjomba, ile inayolia kwa kufuata hatua zake, ikikatika anaponusa na kuanza tena anapoondoka. Nilisimama na mfuko wa taka mkononi. Mara ya mwisho kuisikia nilikuwa na miaka minane, ufukweni Mboko, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1996, boti imeshasukumwa majini na mbwa wako Waseme anakimbia huku na huku mchangani kwa sababu mwenye boti alikataa kupakia mbwa. Giza lilimficha upesi, lakini njuga tuliisikia mpaka mbali. Wewe ulikuwa umegeuza uso. Hatujawahi kulizungumza hilo, wala sikulazimishi leo.

Nilichungulia juu ya uzio. Jirani yangu, mzee aliyestaafu kiwanda cha mbao, alikuwa ameketi nyuma ya pikapu yake akimfunga njuga ya shaba mbwa mweupe mwenye madoa meusi. Alidhani nimekuja kulalamikia kelele, akaomba radhi. Kwa Kiingereza changu cha wakati ule nilimwambia mjomba wangu naye alikuwa na mbwa kama huyo, na njuga, ila ya mti. Akaniuliza ilikuwa ya mti gani. Sikujua. Jumamosi iliyofuata alinichukua mlimani, mimi bila bunduki, nitembee tu.

Ndege wenyewe ni wa jamii ya kwale, ila wakubwa. Sheria ya Montana inawaweka aina tatu katika fungu moja, kwale wa milimani, na msimu wao hufunguliwa Septemba 1. Mmoja hukaa chini mabondeni kwenye vichaka karibu na vijito. Wa pili hukaa kwenye misonobari minene, naye hana woga kabisa. Wa tatu ndiye anayetutoa jasho: ana rangi ya moshi, dume lake hupita kilo moja, na makao yake ni juu kwenye migongo ya milima, mita 2,000 na zaidi. Mzee bado anamwita kwa jina la zamani, kwale wa buluu, ingawa wataalamu wa ndege walimgawa katika aina mbili mwaka 2006, wa bara huku na wa pwani kule upande wa bahari ya Pasifiki.

Wewe uliyenifundisha kwamba mnyama hufuata chakula na maji, sikiliza hili. Theluji ikianza, paa na wanyama wengi wa milimani hushuka mabondeni. Ndege huyu hupanda. Anakwenda juu kabisa, anakaa kwenye misonobari miezi yote ya baridi akila majani yake yale membamba kama sindano, na masika ndipo anashuka kuzaa. Mara ya kwanza Mzee aliponieleza sikumwamini. Sasa nimemwona kwa macho yangu mwezi wa Desemba, juu ya mti, theluji imefika magotini pangu, naye anakula kwa utulivu.

Huko kwetu Fizi, Kongo, mbwa wetu hawakuwa watu wa kubweka, njuga ndiyo ilikuwa sauti yao. Ilimsukuma mnyama kwenye nyavu, na iliwaambia wawindaji mbwa yuko wapi msituni. Ikinyamaza, uso wako ulibadilika: chui, au mtego, au shimo. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi wanaume wote walivyosimama kusikiliza, hakuna anayepumua. Huku ni kinyume, na ilinichukua msimu mzima moyo wangu kuacha kushtuka. Mbwa hawa wamezaliwa na kufundishwa kuganda pale wanapoipata harufu ya ndege. Njuga ikinyamaza, ndiyo habari yenyewe. Ndipo unapotembea haraka.

Siku ile ya kwanza Ruby, mbwa wa Mzee, alikuwa anapita kwenye vichaka vya hakleberi, vitunda vya zambarau ambavyo ndege hawa wanavipenda, na njuga yake ilikuwa inalia mfululizo. Ikakatika. Mzee akainua mkono. Tulimkuta amesimama kama kitu kilichochongwa, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, mkia umenyooka, manyoya ya mkia yakipeperushwa kidogo na upepo. Mate yalikuwa yanamdondoka. Nzi alitua karibu na jicho lake, akatembea, akaondoka, naye hakupepesa. Mimi pale mbele yake niliona majani tu. Mzee alipiga hatua mbili, na ndege sita wakaruka kwa kishindo, mabawa yakipiga kama watu sita wanaokung'uta mikeka kwa pamoja, wakatumbukia bondeni kwa kasi. Mzee alifyatua mara moja na akakosa. Alicheka, akambembeleza Ruby, akamwambia amefanya kazi nzuri. Mimi nilibaki nimeshika kifua.

Baada ya hapo nilisoma mafunzo ya wawindaji. Sheria hapa inamtaka kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 ayapitie kabla ya kununua kibali, kwa hiyo nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na miwili, tukafundishwa pamoja kubeba bunduki ukivuka uzio na kutofyatua kabla hujajua kilicho nyuma ya ndege. Msimu wangu wa kwanza na shotgani sikuangusha hata mmoja. Kwenye miti ile una sekunde mbili, tena unasimama kwenye mteremko ambao mguu mmoja uko juu na mwingine chini, pumzi imekuishia, na shina la msonobari linapokea marisau yako yote.

Ndege ndiye shida ndogo kati ya shida zetu. Septemba mwanzoni bado kuna joto, na huko juu maji ni haba, kwa hiyo mgongoni tunabeba maji ya mbwa kuliko ya kwetu. Mawe yanawachubua nyayo. Kuna mbegu za nyasi zenye ncha zinazoingia masikioni na katikati ya vidole, zikizama ndani ni kisu cha daktari. Dubu naye yuko kwenye hakleberi zile zile, ndiyo sababu kila mmoja wetu ana kopo la dawa ya pilipili kiunoni, mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Mwenzetu wa tatu ni Mhmong, mtu wa kabila la milimani Laos. Wazazi wake walitoroka Laos baada ya vita, na yeye alizaliwa katika kambi ya Ban Vinai, Thailand, akaja hapa angali mtoto. Familia za Wahmong zilianza kufika Missoula mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla yetu sisi Wakongo kwa karibu miaka arobaini. Siku nilipotaja Nyarugusu tukiwa tunakunywa chai juu ya jiwe, hakuniuliza kambi ni nini. Aliniuliza tulikuwa tunapanga foleni ya maji saa ngapi. Mjomba, sijui kama unaelewa swali lile lilinifanya nini. Nilikuwa nimeishi mji huu mwaka na zaidi, nimeulizwa mambo mengi na watu wema, na hakuna aliyekuwa amelijua la kuuliza.

Halafu kuna usiku wa nungunungu.

Ilikuwa Oktoba, jua limezama, tunashuka, na Ruby akaingia chini ya gogo. Kilio tulichokisikia sitaki kukieleza. Alitoka na miiba usoni, kwenye ulimi, kwenye kaakaa, miwili karibu kabisa na jicho. Mwiba wa nungunungu una ndoana ndogo ndogo, ukiuacha unatembea wenyewe ndani ya nyama, na mbwa akijikuna kwa kucha anaukata ukabaki ndani. Mzee alivua koti akamfunika mwili na kumshika kichwa. Mimi nilimlalia miguu. Mhmong aliweka taa kwenye kipaji cha uso, akatoa plaizi mfukoni, akaanza: anaukamata mwiba karibu na ngozi, anauvuta kwa mnyoofu, anauweka kwenye kofia yake ili tuhesabu. Nilijikuta naongea na Ruby Kiswahili, yale maneno uliyokuwa unamwambia Waseme ukimtoa kupe: tulia mama, tulia, bado kidogo. Alitulia. Tulihesabu arobaini na moja. Ile ya ndani ya koo hatukuthubutu, tukambeba kwa zamu kilomita tatu mpaka kwenye pikapu, tukamfikisha kwa daktari wa mifugo karibu saa nne usiku. Malipo yalikuwa makubwa. Mzee alitoa pochi, tukamrudishia mkono wake mfukoni, tukagawana kwa tatu. Tangu usiku ule hakuna kati yetu anayemwita Ruby mbwa wa fulani.

Sasa lile lililowachekesha zaidi, la ndege kukaa tawini nasi tukamwacha. Ni kweli. Yule wa misonobari minene unaweza kumpiga kwa fimbo, na wapo watu hapa wanaofanya hivyo, sheria haiwakatazi kumpiga akiwa ametulia. Sisi hatufanyi. Kwanza, bunduki ikielekezwa kwenye tawi la chini wakati mbwa yuko kwenye majani, ipo siku utamuua mbwa. Hiyo peke yake inatosha. Lakini kuna la pili, nalo nalisimamia hata mbele yako: mbwa amepanda mlima mzima, ameipata harufu, ameganda, amekungoja. Ndege akiruka mbele ya pua yake, kazi imekamilika kwa wote, hata ukikosa. Ukimpiga tawini umeruka zamu ya mbwa.

Najua naandika haya kwa nani. Najua posho imepunguzwa tena na tena, na kwamba wewe, uliyekuwa unalisha nyumba tano kwa nyavu na mbwa wawili, umekaa miaka yote hii ndani ya mipaka ya kambi ambayo huruhusiwi hata kuokota kuni upande wa pili. Ukiwa na njaa, ndege wa tawini ni chakula, na anayemwacha ni mpumbavu. Mimi sina njaa, na hilo nimelipewa, sikulipata kwa ujanja. Ningekuwa naona aibu kukuandikia kama ningekuwa nadhani uwindaji wangu na wako ni kitu kimoja. Sidhani hivyo. Nilichobaki nacho kutoka kwako ni masikio: namna ya kusimama msituni na kujua mbwa yuko wapi bila kumwona. Mhmong amemfunga mbwa wake mkanda wa GPS, na kifaa mkononi kinamwambia mbwa amesimama umbali wa mita themanini. Ni kitu kizuri, kwenye magenge kimeokoa mbwa. Lakini mara nyingi mimi nimeshajua kabla kifaa hakijalia, nao wananitazama. Wameacha kuniuliza nimejuaje. Wanasema ni mjomba wake.

Nyama ya ndege huyu wa juu ni nyeupe, laini. Ukimpasua, kile kifuko cha chakula shingoni unakikuta kimejaa hakleberi na panzi, na ukikinusa ndipo unajua alikuwa wapi asubuhi. Mke wangu anawakaanga kwa kitunguu na pilipili, tunakula na bugali na sombe ya kugandishwa kutoka duka la Waasia, Mzee na Mhmong wakiwa mezani, kila mtu ananawa, anakula kwa mkono. Ndege watatu, watu saba. Kinatosha kwa namna yake.

Mwaka jana Ruby alizaa mara ya mwisho na Mzee akanipa jike mmoja, mweupe, sikio moja jeusi. Nimempa jina Waseme. Wenzangu wanaliita Wasimi, wakauliza maana yake, nikawaeleza kwamba kwetu mbwa hupewa jina ambalo ni ujumbe kwa majirani. Mzee magoti yamemshinda msimu huu. Anakaa kwenye pikapu chini na chupa ya chai, dirisha wazi, anasikiliza njuga huko juu, na tukishuka anatueleza tulisimama mara ngapi na wapi. Hajakosea bado.

Sasa ombi, Mjomba, na hili ndilo lililonifanya niandike kuliko kupiga simu. Mzee bado ananiuliza ile njuga yako ilikuwa ya mti gani. Niambie ni mti gani, na ulimi wake ulikuwa mmoja au miwili, na ndani ulitoboa kwa kitu gani, kwa chuma cha moto au kwa kisu. Kama mikono yako bado inaweza na ukapata kipande cha mti, nichongee moja. Binti wa dada Furaha anakuja kuwasalimu mwezi wa sita, nimempa uzi mwekundu wenye mafundo mawili. Kutoka fundo hadi fundo ndiyo shingo ya Waseme.