Barua ya wazi kwa vijana wa fiziotherapia: "Anaendelea vizuri, matibabu yaleyale"

Wanangu,

Wengi wenu nimewafundisha mwenyewe, na ambao sikuwafundisha mmefundishwa na wanafunzi wangu, kwa hiyo leo mtanivumilia nikisema kwa ukali. Nilishastaafu. Ila wiki tano zilizopita niliketi kwenye benchi la fiziotherapia kama ndugu wa mgonjwa, na tangu siku hiyo roho yangu haijatulia.

Nilimsindikiza wifi yangu, aliyepata kiharusi miezi mitano nyuma, upande wa kulia. Tulipokewa na kijana mpole, mwenye adabu, aliyetuamkia mara mbili. Akamlaza wifi, akambandika pedi za mashine ya umeme begani, akawasha, kisha akaenda kukaa dirishani na simu yake. Dakika 20. Mashine ilipolia akarudi, akabandua pedi, akamshika mkono uleule mlegevu na kumvuta ili ainuke. Wifi akauma meno.

Mkono wa mgonjwa wa kiharusi hauvutwi! Misuli inayolibana bega imelegea, na mkono mzima unaning'inia kwa uzito wake. Ukiuvuta unamwachia maumivu yatakayomnyima usingizi kwa miezi. Hayo tunawaeleza wajukuu wa mgonjwa siku ya kwanza wodini. Sikutegemea kumweleza mwenye koti jeupe.

Kilichoniumiza zaidi ni faili. Nililiomba nikalisoma palepale. Wifi alikuwa amehudhuria mara 11. Siku ya kwanza iliandikwa aya nzuri, ya mtu aliyesoma. Kuanzia siku ya pili: "Anaendelea vizuri. Matibabu yaleyale." Mara kumi, kwa miandiko mitatu tofauti, bila namba hata moja. Hakuna aliyeandika kwamba hawezi kuchuchumaa chooni, na hilo ndilo analolilia usiku, kwa sababu binti yake ndiye humshika. Hakuna aliyemsimamisha akamtazama anavyotembea. Anaendelea vizuri kwa kipimo gani?

Msiniambie vifaa hakuna. Tafuta kiti, mita 3 za sakafu na saa ya mkononi. Mgonjwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Kipimo hicho kilibuniwa huko Kanada, kikachapishwa mwaka 1991, na hakijawahi kuhitaji umeme. Andika sekunde, weka tarehe. Wiki ijayo rudia. Zikipita wiki nne sekunde ziko palepale, faili limekwambia ubadili tiba, kabla mgonjwa hajakata tamaa akaenda kwa waganga.

Nasema hivi kwa sababu nami nimeumiza watu kwa kuamini tu. Nilipoanza kazi, mwenye maumivu ya mgongo tulimlaza chali juu ya ubao kwa wiki mbili. Namkumbuka fundi mwashi mmoja, mwanamume wa miraba minne. Siku tuliyomruhusu kuinuka, miguu ilimtetemeka kama ya ndama, na kazini tayari ameshawekwa mtu mwingine. Nami nikaandika "amepata nafuu", nikaita mwingine. Mwaka 1995 ukachapishwa utafiti wa Helsinki, Finland, kwa wafanyakazi wa jiji lile: kundi moja lililazwa, la pili likapewa mazoezi ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yanavyoruhusu. La tatu ndilo lililopona upesi. Nilipousoma nilimfikiria yule fundi. Bado namfikiria.

Na msidhani hayo ni ya zamani. Kuhusu kiharusi tuliamini kwamba kadiri mgonjwa anavyoinuliwa mapema na kwa wingi ndivyo atakavyopona. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya wagonjwa zaidi ya 2,000 kutoka nchi tano: walioanzishwa ndani ya saa 24 kwa mazoezi mengi walikuwa na hali duni kidogo, miezi mitatu baadaye, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wenzetu waliujua ukweli huo kwa kuwa waliandika na kuhesabu. Utafiti mnaouona ni wa maprofesa huanzia kwenye faili lako. Mnaandika tasnifu mpate digrii, halafu hamfungui tena hata jarida moja, ilhali PEDro, hifadhi ya tafiti za fiziotherapia ya kule Sydney, Australia, iko mtandaoni tangu 1999, na haitozi hata senti.

Mengine nayapitia tu. Usimwambie mgonjwa "hutatembea tena" mbele ya watoto wake. Muulize nauli kabla hujampangia arudi mara tatu kwa wiki. Kwa mtoto mwenye mguu kifundo, yaani aliyezaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani, plasta za kila wiki za kuunyoosha kwa mbinu ya Ponseti ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni viatu vyenye chuma, vya kulala navyo mpaka miaka minne au mitano, na mama alijue hilo kabla ya plasta ya kwanza. Osha mikono.

Nanyi mnaojenga hospitali, nimechoka kuona chumba cha fiziotherapia kikipangwa mwisho wa korido, juu ya ngazi. Ngazi, kwa watu wasioweza kupanda! Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali ambayo ingenufaika na utengamao, yaani huduma ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili, na sisi tunaajiri mtaalamu mmoja, tunampa foleni ya watu 40, kisha tunashangaa kwa nini anamkimbilia mgonjwa na pedi. Familia nazo humfungia ndani aliyepooza, kana kwamba kuugua ni aibu. Kwa hiyo kijana yule simtwishi lawama yote. Amechoka, mshahara haujafika, na hakuna mkubwa aliyewahi kulisoma faili lake akamuuliza swali. Nasi walimu tulimpa cheti tukamwacha.

Nyumbani kwa wifi nimechora mistari miwili ya chaki sebuleni. Siku ya kwanza alitumia sekunde 41. Jumamosi iliyopita, 33. Chooni tumemfungia mti wa kushikia, na juzi alichuchumaa na kuinuka peke yake, binti akiwa amesimama nje ya mlango. Yote yamo kwenye daftari la shule la mjukuu, kurasa za nyuma.

Mwanangu uliyekuwa dirishani, sikukushtaki kwa mkubwa wako. Jumamosi hii saa 4 asubuhi tunampima tena. Namba yangu ya simu niliiandika nyuma ya faili lake. Njoo na saa yako.

Mwalimu wenu mstaafu,
Moshi