Malalamiko: jozi ya mbwa wa kuzalishia wenye undugu wa damu

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi,
Isevya, Manispaa ya Tabora.

Meneja wa Uzalishaji na Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: KUUZIWA GERMAN SHEPHERD DUME NA JIKE WENYE UNDUGU WA KARIBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Stakabadhi yenu inasema mmetuuzia "jozi ya kuzalishia isiyo na undugu". Vyeti vya nasaba, ambavyo mlituma baada ya kupokea malipo yote, vinasema vingine. Baba wa wote wawili ni Rex. Mama wa dume ni Bella. Mama wa jike ni Tina, na Tina ni mtoto wa Rex na Bella hao hao. Namba za chipu, kile kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa, zinalingana. Maana yake jike huyu alipatikana kwa baba kupandishwa kwa binti yake.

Ofisa wenu alitujibu kwamba "wamechangia baba tu", kwa hiyo kiwango cha undugu kwa watoto wao, yaani nafasi ya mtoto kurithi nakala mbili za jeni ile ile kutoka kwa mhenga mmoja, kitakuwa asilimia 12.5. Hesabu hiyo imeishia njiani. Kwa kanuni aliyoitoa mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Sewall Wright, mwaka 1922, unafuata kila njia kutoka kwa dume hadi kwa jike kupitia mzazi wanayemchangia, unahesabu mbwa waliomo, kisha unazidisha nusu kwa nusu mara idadi hiyo. Dume, Rex, jike: mbwa watatu, asilimia 12.5. Dume, Rex, Tina, jike: wanne, 6.25. Dume, Bella, Tina, jike: wanne tena, 6.25. Jumla ni 25, sawa kabisa na kupandisha kaka na dada wa baba na mama mmoja. Na hapo tumewachukulia Rex na Bella kuwa hawana undugu wowote, jambo ambalo cheti cha vizazi vitatu hakitoshi kulithibitisha.

Mlisema pia kwamba kupandisha ndugu ni njia ya kukaza umbo zuri la Rex. Ni kweli inakaza, ila inakaza na kasoro zake. Chukulia Rex amebeba nakala moja ya jeni ya SOD1 yenye hitilafu, ile inayohusishwa na kupooza miguu ya nyuma, na Bella hana. Tina ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Jike wetu ana nafasi moja kati ya nane ya kuwa na nakala zote mbili zenye hitilafu, hali inayomweka katika hatari ya kuugua. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hujitokeza mbwa akishapita miaka 8, wakati ameshazaa mara kadhaa. Kennel Club ya Uingereza iliacha mwaka 2009 kusajili watoto wa mzazi na mwanawe au wa kaka na dada wa baba na mama mmoja.

Dume naye ana miezi 7 na korodani ya kushoto haijashuka. Kwa kawaida zote huwa zimeshuka akiwa na miezi 2, na akipita 6 hazitarajiwi tena. Hatudai kwamba undugu ndio uliosababisha, lakini kasoro hii hurithiwa na dume wa hivyo hazalishwi, hata kama korodani moja inamtosha kutia mimba.

Hapa Tabora wenye mbwa wa aina hii ni wachache mno. Watoto wa jozi moja ndio wangelinda maghala ya tumbaku na maduka, kisha wangepandishwa wao kwa wao kwa kukosa damu nyingine. Kosa la banda lenu lingekuwa la mji mzima.

Tunadai jozi nyingine isiyochangia mzazi yeyote katika vizazi vitano, yenye majibu ya kipimo cha SOD1 na picha za eksirei za nyonga za wazazi kuonyesha kama ni nzima, kwa gharama yenu. Hawa wawili tutawahasi na kubaki nao kwa ulinzi, mkiturudishia tofauti ya bei. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo tutapeleka stakabadhi na vyeti Tume ya Ushindani.

Wenu,
Wafugaji wa mbwa wa ulinzi, Isevya.

Nakala: Ofisi ya Mifugo, Manispaa ya Tabora.